Kwa Muda wa Mkataba

Barua ya wazi kwa Shirikisho la Mpira wa Wavu la Kenya, na kwa wakuu wa mashirika yenye timu za wanawake

Waheshimiwa,

Jumanne usiku simu yangu ililia mara nne mfululizo. Binti mmoja niliyemfundisha kuzuia mpira kwenye uwanja wa shule ya kutwa, huku Kakamega, alikuwa amenitumia picha nne, kurasa nne za mkataba. Timu moja ya Nairobi inamtaka. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana, ana urefu wa sentimita 184, na akiruka kwa hatua tatu kiwiko chake kinapita juu ya wavu. Chini ya picha ya mwisho aliandika: "Madam, nisaini?"

Nilivaa miwani nikasoma. Ukurasa wa kwanza una majina, nambari ya kitambulisho na mshahara. Mshahara si mbaya; kwa msichana ambaye mama yake anauza mboga kando ya barabara ya Malava, ni mshahara wa kuita majirani. Ukurasa wa pili ni wa mazoezi, nidhamu, sare, na picha za matangazo ambazo timu itazitumia itakavyo. Ukurasa wa tatu una kifungu cha matibabu. Kinasema timu itagharamia matibabu ya mchezaji atakayeumia mazoezini au mchezoni kwa muda wa mkataba. Ukurasa wa nne ni wa sahihi.

Mkataba wenyewe ni wa mwaka mmoja.

Nawaandikia kwa sababu ya maneno hayo manne: kwa muda wa mkataba. Nayajua vizuri. Niliyawekea sahihi mara tisa.

Sitaitaja timu niliyoichezea. Waliokuwa viongozi wakati ule wameshaondoka, mmoja ni marehemu, na sina haja ya kufufua kesi iliyozikwa. Nataka tu mjue jinsi maneno hayo yanavyofanya kazi yakishatoka kwenye karatasi. Niliumia mwezi wa Novemba, zimebaki wiki tatu ligi iishe. Niliruka kuzuia, nikashuka kwa mguu mmoja kwa sababu mwenzangu alikuwa ameniingilia, na goti la kulia likatoa sauti ambayo libero wetu aliisikia akiwa mstari wa nyuma. Daktari wa mifupa alisema tusubiri uvimbe ushuke, nifanye mazoezi ya viungo, upasuaji uwe Februari. Meneja wa timu alikuja kuniona hospitalini na matunda. Alikuwa mtu mwema, na ninasema hivyo bila kejeli. Tarehe 31 Desemba mkataba uliisha. Wiki ya kwanza ya Januari nilipata barua ya shukrani yenye muhuri mzuri, ikinitakia kila la heri katika shughuli zangu za baadaye.

Shughuli yangu ya baadaye ilikuwa upasuaji. Baba aliuza ng'ombe wawili, na mmoja wao alikuwa amenunuliwa kwa posho ya safari yangu ya kwanza ya Tunisia. Kilichobaki kilitoka kwenye harambee iliyofanywa kanisani, ambapo mchungaji alinisimamisha na magongo yangu mbele ya watu akaniita "shujaa wetu wa taifa". Nilitamani sakafu inimeze.

Wengi wenu huutazama mchezo huu mkiwa viti vya mbele, na mtazamaji hufuata mpira. Mimi niliyecheza katikati sikufuata mpira, niliishi kwa kudanganya. Kila mara seta wetu alipoinua mikono, niliruka kana kwamba mpira ni wangu, ili wazuiaji wa upande wa pili waruke nami, halafu mpira upelekwe pembeni, kwa mwingine, ambaye sasa anapiga akiwa na mzuiaji mmoja tu mbele yake. Makofi ni yake, na ni haki yake. Kisha tunageuka, wao wanashambulia, naruka tena, naenda kushoto naruka, narudi katikati naruka. Nimeruka maelfu ya mara bila kuugusa mpira hata kwa ukucha. Miruko hiyo haimo kwenye takwimu za mechi yoyote. Imo kwenye goti.

Wavu wa wanawake uko mita 2.24 kutoka sakafuni, nasi hujifunza kuupita tungali watoto, kwenye viwanja vya murram ambavyo mistari yake huchorwa kwa majivu, na wakati mwingine kwenye lami iliyobaki baada ya kujenga maegesho ya walimu. Hapo ndipo goti linapoanza kuliwa, miaka mitano kabla hajatokea mtu wa kutulipa mshahara. Madaktari wa michezo wanajua tangu zamani kwamba ligamenti ya mbele ya goti hukatika kwa wanawake mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume wa mchezo uleule. Kwa hiyo mnapomsajili binti wa miaka 19 mnasajili pia goti lenye historia. Mnaifaidi historia hiyo, kwa maana ndiyo iliyomfundisha kuruka. Gharama yake ndiyo mnayoiwekea tarehe ya mwisho.

Nilisomewa sheria na wakili mmoja, mteja wangu. Siku hizi nauza vifaa vya shule mjini, naye huja kununua madaftari ya wanawe. Aliniambia kuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri amgharamie mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini. Akanipa mfano wa mfagizi wa benki: akiteleza kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe, akavunjika nyonga, sheria inamjua. Nikamuuliza, na mchezaji wa benki? Akacheka kidogo, akasema inategemea mkataba wake unamwita nani. Ndipo nikaelewa kwa nini katika kurasa zile nne neno "mfanyakazi" halipo hata mara moja. Kuna "mchezaji", kuna "mhusika", kuna "upande wa pili". Yaani mtu anayefagia chini ya bango la timu ni mfanyakazi, na aliye kwenye bango ni mhusika.

Msinielewe vibaya. Mfumo wetu wa timu za mashirika ndio uliotufikisha tulipo, na anayeudharau hajui tulipotoka. Hatuna watu wa kujaza viwanja kwa tiketi, wala hakuna televisheni inayopigania mechi zetu. Bila mashirika kuweka pesa, ligi ya wanawake ingekuwa bonanza la Pasaka. Fedha hizo zilizaa matunda ambayo mataifa tajiri zaidi barani hayana. Pipeline walitamba Afrika mwanzoni mwa miaka ya 2000. KCB walitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 2006, wakarudi kuutwaa tena 2022. Magereza waliukamata mara kadhaa kati ya 2008 na 2013, hadi ikawa habari siku waliposhindwa. Timu ya taifa, Malkia Strikers, imekuwa bingwa wa Afrika mara kumi, ya kumi ikiwa Yaoundé mwaka 2023 ilipoifunga Misri katika fainali. Imekwenda Olimpiki nne: Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo iliyochezwa 2021, na Paris 2024.

Najua mtakalosema kuhusu Tokyo na Paris, kwamba hatukuondoka na seti hata moja. Watu waliandika mengi mitandaoni siku tulizocheza na Brazil, na wengine wao hawajawahi kupiga servi ikavuka wavu. Mimi nilikuwa nawatazama wale Wabrazili jinsi wanavyoshuka. Wanashuka kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, taratibu kama paka anayeshuka ukutani. Kushuka hivyo hufundishwa, na pembeni yao kulikuwa na watu ambao kazi yao ni miguu tu. Sisi wakati wangu tulikuwa na dada mmoja mwenye chupa ya dawa ya kupuliza na bandeji.

Nitaje jina moja, na nalitaja kwa heshima, bila kumshitaki yeyote. Janet Wanja alikuwa seta. Alicheza Athens mwaka 2004, akaichezea Pipeline, na alipoacha kucheza hakuuacha mchezo. Mwaka 2024 alikuwa mkufunzi wa viungo wa Malkia Strikers, safari ya Paris akiwemo. Kabla ya mwaka huohuo kwisha, saratani ya mfuko wa nyongo ilimchukua, akiwa na miaka 40. Katika wiki zake za mwisho sisi tuliokuwa tumewahi kusimama karibu na wavu tulifanya tunachojua kufanya. Tulifungua kundi la WhatsApp, ikawekwa nambari ya kuchangia, majina yakaanza kuorodheshwa, fulani elfu moja, fulani mia tano, na "Mungu atenda". Nimeshakuwa kwenye makundi ya namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Kila ninapotuma changu najiuliza kama kuna karani wa shirika lolote kubwa, aliyestaafu baada ya miaka kumi na mitano, ambaye wenzake humchangia kwa namna hii kila anapougua. Huenda wapo. Ila hakuna karani aliyewahi kupokewa uwanja wa ndege kwa ngoma na shada la maua, akapigwa picha na waziri.

Sasa niseme jambo litakalowakera wenye mabenki na makampuni. Katika miaka yangu yote ya kucheza, timu tuliyokuwa tukiicheka ndiyo niliyokuja kuionea wivu. Tuliwaita Magereza "mafande". Walipoingia ukumbi wa Nyayo tuliwapigia saluti za utani, maana kabla ya kuruka walipitia chuo cha Ruiru, wakaamshwa alfajiri, wakakimbizwa na buti, wakafundishwa kushika bunduki. Sisi tulikuwa na basi lenye kiyoyozi na raba mpya kila msimu. Lakini binti wa Magereza aliyevunjika goti aliamka kesho yake akiwa bado askari jela. Alikuwa na nambari ya kazi, na goti lilipogoma kabisa alipelekwa kituo, akakaa ofisini au langoni, akapanda cheo polepole, na siku moja atakula pensheni. Mmoja tuliyekuwa tukigombana naye wavuni miaka minane sasa ni ofisa mwenye nyota begani. Nilikutana naye sokoni, akanikumbatia, akaniuliza, "Na wewe uko wapi siku hizi?" Nikamwonyesha kibanda changu cha madaftari. Akanunua kalamu dazeni nzima, asizozihitaji.

Sitaki kila mchezaji awe askari. Ninachosema ni kwamba serikali, kwa kutojua au kwa kujua, iliwapa wale wasichana kitu ambacho nyinyi wenye pesa zaidi hamkukifikiria: kazi inayobaki mpira ukiondoka. Baadhi yenu mnayo nafasi hiyo pia. Nawajua wachezaji walioajiriwa kikamilifu, asubuhi wako kaunta, jioni mazoezini, na wengine walipoacha kucheza waliendelea na benki hadi wakawa wakuu wa matawi. Lakini wako kando yao wenzao wa mwaka mmoja mmoja, wanaovaa jezi ileile na kulala hoteli ileile, ambao kila Desemba huanza kuwa wapole kupita kiasi kwa meneja. Mchezaji mpole hivyo hasemi goti linamuuma. Anafunga bandeji, anameza vidonge viwili, anaruka. Mimi nilimeza vidonge hivyo tangu Agosti. Nilipoumia Novemba goti lilikuwa linaniambia kitu kwa miezi mitatu, nami nikalinyamazisha kwa sababu mkataba ulikuwa unakaribia kuisha na nilitaka wa kumi.

Kuna jingine ambalo mkataba ule wa kurasa nne haukulitaja kabisa, na kimya chake ni kikubwa kuliko maneno yake. Mimba. Tulipokuwa tunacheza tulihesabu miezi kama wakulima wanaosubiri mvua. Ukishika mimba Machi, utajifungua Desemba, umekosa msimu wote, na Januari hakuna wa kukupigia simu. Ukishika Septemba, unaweza kumaliza ligi ukiwa na miezi miwili au mitatu bila mtu kujua, ujifungue Juni, urudi mwaka unaofuata kama kuna atakayekukumbuka. Mwenzangu mmoja alipiga mechi za mchujo akiwa na mimba ya miezi minne, tumbo limefungwa kwa leso chini ya jezi. Mtoto alizaliwa salama, sasa yuko sekondari na anacheza mpira wa kikapu, jambo ambalo mama yake amekataa kulisamehe. Tunalicheka leo. Wakati ule, kila alipojirusha chini kuokoa mpira, mimi na libero tulikuwa tunafumba macho.

Msidhani ni aibu ya Afrika. Nchini Italia, ambako wachezaji bora duniani huenda kutafuta riziki, Lara Lugli alikuwa akichezea klabu ya Pordenone katika daraja la tatu. Machi 2019 aliwaambia ana mimba, mkataba ukavunjwa, na mwezi mmoja baadaye mimba ikaharibika. Alipodai mshahara wa Februari, mwezi ambao alikuwa ameshaufanyia kazi, klabu ilimjibu kwa kudai fidia, kwa hoja kwamba hakuwaeleza nia yake ya kuzaa na kwamba kuondoka kwake kuliiharibia timu msimu. Mwaka 2021 aliyaweka hayo hadharani, dunia ikapiga kelele, klabu ikaondoa madai. Katika nchi hiyohiyo, mwaka 2020, seta wa Marekani Carli Lloyd alipotangaza kwamba ni mjamzito, mashabiki walimrushia matusi mitandaoni, lakini klabu yake ya Casalmaggiore ilisimama mbele yake ikamtetea. Sheria za nchi zilikuwa zilezile na mchezo uleule. Waliotofautiana ni watu waliokuwa ofisini.

Kwetu sheria ya ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi kazini kwake. Miezi mitatu haimtoshi mtu ambaye kazi yake ni kuruka, kila mama aliyenyonyesha anajua hilo, lakini ingekuwa mwanzo. Tatizo ni lile la mfagizi: likizo ni ya mfanyakazi, na sisi ni wahusika.

Nayo haraka yenu ya kututupa hainiingii akilini hata kimchezo, achilia mbali utu. Seta hukomaa polepole na kwa nadra. Brazil walikuwa na Hélia Souza, aliyejulikana zaidi kama Fofão. Alianza Olimpiki mwaka 1992, na dhahabu aliipata Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 38. Aliendelea na mpira wa klabu hadi 2015, umri miaka 45. Huku kwetu seta akigusa thelathini anaanza kuitwa "mathe" kwenye basi, na meneja anauliza kama hajachoka. Kisha tunaenda Olimpiki na watoto wazuri wenye nguvu ambao hawajawahi kuona seti ikiwa ishirini na tatu kwa ishirini na tatu mbele ya watu elfu kumi, na tunashangaa mikono inatetemeka. Aliyekuwa na mikono isiyotetemeka yuko Kakamega anauza madaftari. Samahani, hapo nimejisifu. Mimi sikuwa seta. Lakini mmenielewa.

Kuhusu wanaokwenda nje sitasema mengi. Sharon Chepchumba alikwenda Ugiriki, na kabla na baada yake wamekwenda wengine, na ni furaha kuona. Ila kila mwezi huja ujumbe kutoka kwa mawakala wenye picha za ndege kwenye wasifu wao, na wasichana hunitumia wakiuliza kama ni wa kweli. Hati ya uhamisho wa kimataifa haitoki bila shirikisho la nyumbani kukubali. Mnapoletewa fomu hiyo, waheshimiwa wa Shirikisho, ombeni na mkataba muusome, hasa kifungu cha matibabu na cha tiketi ya kurudi. Mkishindwa lugha yake mtafuteni anayeijua. Muhuri wenu ndio mlango pekee, kati ya yote anayopitia binti anayekwenda nje, uliosimamiwa na mtu wa kwao.

Ninachoomba ni ukurasa wa tano.

Ukurasa huo uanze kwa kumwita mchezaji mfanyakazi. Useme kwamba jeraha alilolipata akiwa na jezi yenu ni lenu hadi daktari aseme limepona, au aseme halitapona, hata kama kalenda imegeuka katikati. Useme mimba si kosa la nidhamu, na aliyekwenda kujifungua ana nafasi ya kurudi kujaribiwa kama wengine, akiwa na kocha anayejua kwamba mwili wake una kazi mbili. Michango yake ya NSSF ipelekwe. Nilipokwenda kuuliza yangu, miaka tisa ya jasho ilikuwa imeandikwa kama miaka minne, na karani aliyenihudumia alinionea huruma kuliko nilivyotaka. Na katika saa ambazo hayuko mazoezini, kwa wale mnaosema hamna nafasi za ajira ya kudumu, mfundisheni kitu. Mna idara za hesabu, za bima, za kompyuta, za magari. Binti wa miaka 22 anayeamka saa kumi na moja alfajiri bila kusukumwa, anayekariri mifumo sita ya mzunguko na kujua kila mwenzake atakuwa wapi seta akiwa nafasi ya tano, huyo atashindwa na mfumo wa malipo ya wateja? Mnampa chumba cha kulala mchana kutwa akisubiri mazoezi ya jioni, kisha mnashangaa akistaafu hana ujuzi.

Shirikisho, ninyi ndio mnaosajili wachezaji kila msimu. Hamhitaji bunge wala fedha za wafadhili. Semeni tu kwamba timu isiyo na ukurasa huo haisajiliwi, kama mnavyokataa timu isiyo na jezi zenye nambari. Najua mnaogopa shirika moja litakasirika lijitoe, ligi ibaki na pengo. Hofu hiyo ni ya kweli, nami nimeilalia. Timu ya shirika huvunjwa kwa kikao kimoja cha bodi, na wachezaji husikia redioni. Lakini gharama ya goti moja lililopasuliwa, kwa shirika la ukubwa wenu, haifiki bei ya mabango ya mechi moja ya fainali. Nimeuza mabango pia, najua bei.

Ipo Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, na lipo jopo la kusuluhisha mizozo ya michezo, na mtaniambia mwenye malalamiko aende huko. Binti huyu wa Malava hawezi kwenda huko. Nauli ya matatu ya kuja mazoezini Jumamosi ndiyo humfanya achelewe, maana husubiri mama auze kwanza.

Sasa hivi mkataba wake uko kwenye simu yangu, picha nne, moja imepigwa kwenye mwanga hafifu na kidole chake kinaonekana pembeni. Wamempa hadi Ijumaa. Jana alinipigia akaniuliza tena, nikamwambia asubiri kidogo, nina watu nataka kuwauliza. Akanyamaza, kisha akasema, "Lakini Madam, wewe ulisaini." Nikamwambia ndiyo, nilisaini.

Nambari yangu ya simu Shirikisho mnayo. Ni ileile mliyokuwa mnanipigia mkinihitaji kambini. Ijumaa iko karibu.

Aliyevaa jezi nambari 8,
Kakamega